Asiyesikia la Goti: Somo Kuhusu Maumivu ya Goti kwa Vijana Wanaokua

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi mkuu wangu alikuwa goti langu mwenyewe. Lilinionya kwa miezi mingi, nami nikajifanya kiziwi, na guu nusura livunjike kweli. Katika makala hii nataka kueleza ugonjwa unaowapata wengi wetu tunaocheza kandanda, voliboli, netiboli, mpira wa vikapu na riadha tukiwa katika umri wa kukua. Wengi tunaugua bila kujua unaitwaje wala tufanye nini. Mimi si daktari. Nimeandika yale niliyoelezwa hospitalini na yale niliyosoma baadaye, nikachanganya na yaliyonipata.

KISA CHANGU

Nilikuwa kidato cha kwanza, umri wa miaka 14. Mwaka huo nilirefuka ghafla hata suruali niliyonunuliwa Kibuye mwezi wa Januari ikawa inaonyesha soksi kufikia mwezi wa Juni. Mwaka uo huo nilichaguliwa kuchezea timu ya shule, namba tisa, mtoto wa kidato cha kwanza kati ya mabarobaro wa kidato cha tatu na cha nne! Furaha yangu haikuwa na kifani.

Tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya masomo. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwenda na kurudi Nyalenda ni kwa miguu. Jumamosi tulikimbia kupanda vilima vya Riat. Jumapili, siku ambayo hata Mungu alipumzika, mimi nilichezea timu ya mtaa.

Maumivu yalianza pole pole, chini ya kilegesambwa cha mguu wa kulia, ule wa kupigia mpira. Mwanzoni yalikuja baada ya mechi na kuondoka nikilala. Baadaye yakawa yanakuja nikipanda ngazi, nikichutama chooni, nikikaa darasani muda mrefu goti likiwa limekunjwa. Kisha pakatokea kinundu kigumu ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Nikikigusa, machozi yananilengalenga.

Nyumbani, nyanya yangu, ambaye sisi humwita Dani, alitazama kile kinundu akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, umekanyaga kitu cha watu," akasema. Alinikanda kwa maji moto ya chumvi kwa nguvu zake zote, na usiku huo sikulala. Jirani mmoja akashauri nichanjwe chale kwa wembe, dawa ipakwe humo. Mama akakataa katakata.

Shuleni sikusema neno. Mwalimu wa gemu aliponiuliza, "Kijana, mbona unachechemea?" nilimjibu, "Ni kiatu, mwalimu, kinanibana." Nilijua nikisema ukweli namba tisa itavaliwa na mwingine. Siku ya mechi kubwa nilinunua vidonge vya kutuliza maumivu, nikameza viwili kabla ya kuingia uwanjani. Goti likanyamaza. Nilicheza kipindi cha kwanza kama simba. Kipindi cha pili niliruka kupiga mpira wa kichwa, na nilipotua nikaanguka chini. Wenzangu walinibeba hadi kando ya uwanja, nikarudishwa nyumbani kwa bodaboda.

Jumatatu nilitembea kwa shida nikachelewa. Mwalimu wa zamu aliwaamuru wote waliochelewa wapige magoti kwenye kokoto. Wote wakapiga isipokuwa mimi. Nilisimama tu kama mlingoti, sikuweza hata kujieleza. Ikaonekana ni jeuri. Nikatumwa nyumbani nikamlete mzazi.

Mama huuza samaki ufuoni Dunga. Aliacha biashara yake siku hiyo akaja nami. Mle ofisini hakusema mengi. Aliinama akapandisha suruali yangu hadi juu ya goti. Mwalimu akatazama kile kinundu kilichokuwa kimevimba na kuwa chekundu. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

HOSPITALINI

Tulikwenda hospitali moja ya umma hapa mjini. Daktari aliniuliza maswali mengi, akabonyeza goti, akaniamuru ninyooshe mguu huku yeye akiusukuma chini. Nikapigwa eksirei. Kisha akataja jina: ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Mama aliposikia jina refu hivyo alishika tama. Alidhani ni saratani. Mtaalamu wa tiba ya viungo tuliyepelekwa kwake akatabasamu akasema, "Mama, huyu hajavunjika. Huyu anakua."

GOTI LIMEUNDWAJE?

Ili kuelewa ugonjwa huu ni lazima tujue mwili umejengwa vipi mahali hapo. Mbele ya paja kuna msuli mkubwa wenye vichwa vinne. Msuli huu ndio unaonyoosha goti tunapopiga mpira, tunaporuka na tunapopanda ngazi. Kwa chini unakuwa ukano mgumu (kano za mwili, si zile nyanda za Kano wanakolima mpunga!) unaokishika kilegesambwa, kisha unateremka na kujishikiza kwenye kinundu kilichoko mbele ya mfupa wa muundi, vidole viwili hivi chini ya kilegesambwa. Kila mtu ana kinundu hicho. Hebu papasa chako sasa hivi.

Kwa mtu mzima kinundu hicho ni mfupa mtupu. Kwa kijana anayekua, sehemu yake bado ni gegedu, yaani kitu laini kama kile kilichoko sikioni. Mifupa hukua kwa kupitia gegedu kama hili, na ukuaji ukiisha, gegedu lote hugeuka kuwa mfupa. Wakati wa kubalehe mifupa ya miguu hurefuka haraka sana, na misuli huchelewa kuifuata. Kwa hivyo msuli wa paja unakuwa umekazwa kama kamba ya gitaa.

Tuseme umefika Dunga asubuhi. Tazama mtumbwi uliofungwa kwa kamba kwenye kigingi. Kigingi kikiwa kimekita kwenye udongo mgumu, wimbi lipige litakavyo. Lakini kikiwa kwenye tope, kila wimbi likivuta mtumbwi, kamba huvuta kigingi, nacho hulegea kidogo kidogo. Mtumbwi ni msuli wa paja, kamba ni ukano, na kigingi kwenye tope ni kile kinundu chenye gegedu. Wimbi ni kila mkwaju, kila kuruka na kila kusimama ghafla. Wimbi moja haling'oi kigingi. Mawimbi elfu kwa wiki, bila siku ya kupumzika, hukilegeza. Hapo ndipo mahali pale panapouma na kuvimba. Mwili nao hujaribu kujitengeneza kwa kuongeza mfupa, na ndiyo sababu kinundu kinakuwa kikubwa.

Wanafunzi wengine huumwa mahali tofauti lakini kwa sababu ileile. Wapo wanaoumwa nyuma ya kisigino, ambapo ukano wa misuli ya nyuma ya mguu hujishikiza. Hao huwa wadogo kidogo kwetu.

JINA LILITOKA WAPI?

Jina hili si la wadudu wala la dawa. Ni la madaktari wawili. Robert Osgood alikuwa Boston, Marekani, na Carl Schlatter alikuwa Zurich, Uswisi. Wote wawili waliandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1903, kila mmoja kivyake. Picha za eksirei zilikuwa bado ngeni wakati huo, kwani Wilhelm Röntgen aligundua miali yake mwaka 1895. Kwa wapenzi wa historia, mwaka 1903 reli ilikuwa na takriban mwaka mmoja na ushei tu tangu ifike hapa kwetu Desemba 1901, na mji wetu ukiitwa Port Florence. Kwa hivyo ugonjwa huu umejulikana zaidi ya miaka 100. Anayesema umeletwa na jirani mwenye kijicho anamwonea jirani.

NANI HUPATWA, NA DALILI NI ZIPI?

Wavulana hupatwa zaidi kati ya miaka 12 na 15 hivi, na wasichana mapema kidogo, kati ya miaka 10 na 13 hivi, kwa sababu wao hutangulia kukua. Zamani ilidhaniwa ni ugonjwa wa wavulana tu kwa kuwa ndio waliokuwa wakicheza sana. Siku hizi wasichana nao wanasakata kandanda na wanaugua vilevile. Dalili zake ni hizi:

(a) Maumivu kwenye kinundu kilichoko chini ya kilegesambwa, si ndani ya goti lenyewe.
(b) Yanazidi ukikimbia, ukiruka, ukichutama, ukipanda ngazi na hasa ukipiga magoti.
(c) Yanapungua ukipumzika.
(d) Kinundu huvimba na huuma kikibonyezwa.
(e) Mara nyingi ni goti moja, lakini wengine huumwa yote mawili.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu kwa kawaida huisha wenyewe ukuaji unapokwisha na gegedu kuwa mfupa. Habari isiyo njema ni kwamba unaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kinundu chenyewe huweza kubaki maisha yote, hata maumivu yakiisha. Changu nadhani nitazeeka nacho.

JINSI YA KUJITUNZA

1. Punguza, usiache yote. Nilidhani nitaambiwa nisikimbie tena. La. Nilifundishwa kuyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa 0 hadi 3, na yawe yametulia kufikia kesho asubuhi, endelea na shughuli hiyo. Yakipita hapo, au ukiamka ukichechemea, umezidisha; punguza. Mimi niliacha vilima vya Riat na timu ya mtaa kwanza. Kutembea niliendelea.

2. Barafu. Weka barafu juu ya kinundu kwa dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi. Ifunge kwa kitambaa, usiiweke kwenye ngozi tupu, itakuunguza. Sisi hatuna friji nyumbani, lakini Mama alikuwa akiniletea vipande vya barafu vilivyobaki baada ya kuhifadhi samaki. Goti langu lilinuka mbuta wiki nzima na darasani sikukosa jina la utani, lakini uvimbe ulipungua.

3. Imarisha msuli wa paja. Kaa chini, nyoosha mguu, weka nguo iliyokunjwa chini ya goti, kisha kaza paja kana kwamba unaigandamiza ile nguo. Hesabu hadi 10, legeza, rudia mara 10. Lala chali ukiwa umekunja magoti, uinue nyonga juu, uteremke taratibu. Baada ya wiki kadhaa, egemea ukuta ukiteremka kidogo kama anayetaka kukaa kitini. Ikiuma kupita alama 3, usiteremke sana. Mazoezi haya hayahitaji pesa wala jimu.

4. Nyoosha misuli pole pole, ya mbele ya paja, ya nyuma ya paja na ya nyuma ya muundi. Usivute kwa nguvu. Ukiona unakunja uso, umezidisha.

5. Linda kinundu. Ukilazimika kupiga magoti, iwe kanisani au msikitini, weka kitu laini chini. Mimi hutumia sweta. Wengine hufunga mshipi maalumu chini ya kilegesambwa, nao huwasaidia baadhi yao.

6. Dawa za maumivu zitumike kwa ushauri wa daktari, na kamwe zisimezwe ili ucheze mechi. Maumivu ni kengele. Ukiifunga kengele kitambaa, moto hauzimiki.

7. Usikubali chale wala kukandwa kwa nguvu juu ya kinundu. Wembe huleta vidonda na viini vya magonjwa, na kukandwa huzidisha uvimbe. Maji moto ya Dani yalikuwa ya upendo, lakini aliyakandia mahali pabaya. Siku hizi hunikanda paja badala ya kinundu, nasi sote wawili tumeridhika.

8. Rudi kwa hatua. Kwanza tembea, kisha kimbia taratibu, kisha kimbia kwa kasi, kisha piga mpira, mwisho mechi. Hatua ikiuma, rudi nyuma moja. Haraka haraka haina baraka.

Je, mambo haya yanafaa kweli? Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2020 habari za vijana 51 waliokuwa na ugonjwa huu. Walifundishwa kupunguza shughuli na kuimarisha paja kwa wiki 12. Mwisho wa wiki hizo, karibu 8 kati ya kila 10 walisema wamepata nafuu. Hata hivyo, ni wachache tu waliokuwa wamerudi kikamilifu kwenye michezo kufikia wakati huo. Wengi walihitaji miezi zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona wenzako wanacheza nawe umekaa kando.

DALILI ZA HATARI

Ndugu msomaji, tafadhali usisome makala hii ukajifanya daktari. Si kila goti linalouma ni Osgood-Schlatter. Nenda hospitali bila kukawia ukiona haya:

- Maumivu yanakuamsha usiku, au hayapungui hata ukipumzika.
- Goti zima limevimba na lina joto, nawe una homa.
- Umesikia kitu kikikatika "ta!" na sasa huwezi kunyoosha mguu. Huenda kinundu kimebanduka.
- Goti linauma lakini ukilichunguza halina tatizo, na unachechemea. Huenda ugonjwa uko kwenye nyonga, kwa maana nyonga huweza kupeleka maumivu yake gotini.
- Uvimbe unaendelea kukua, au unakonda bila sababu.

Tena, kwetu kando ya ziwa ugonjwa wa selimundu ni mwingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mtu mwenye selimundu huumwa na mifupa na viungo kwa sababu tofauti kabisa na hii, na anahitaji matibabu yake. Usimwambie kuwa ni kukua tu.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, watakutuma hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wetu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969.

OMBI LANGU

Kwa walimu wetu wapendwa, nasema haya kwa heshima zote. Mwanafunzi akikataa kupiga magoti, muulize kwanza goti lake lina nini. Kazi ya kuokota takataka inatosha kumfunza aliyechelewa. Na mchezaji mmoja akichezea timu ya shule, ya mtaa na ya kanisa, mwambieni apumzike, kwa sababu yeye mwenyewe hatajiambia.

Kwenu wenzangu, sitamlaumu mwalimu wa zamu peke yake. Yeye hakujua, na mimi ndiye niliyeficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa mbele ya shule nzima. Nilikosa muhula wote wa pili wa michezo. Nilikaa kando ya uwanja nikiokota mipira, huku namba tisa ikivaliwa na mwenzangu ambaye, kusema kweli, anafunga mabao kunishinda. Ilinichukua karibu miezi tisa kurudi uwanjani. Sasa nina miaka 16, nacheza namba sita, na goti hunikumbusha tu nikikosa adabu.

Nina mdogo wangu wa miaka 12. Mwezi uliopita alitoka kucheza ufuoni akiwa ameshika goti. Nilipomuuliza akasema, "Ni nyasi tu imenikwaruza." Uongo huo naujua, mimi ndiye niliyeutunga na kiatu changu kinachobana. Nilimketisha kitandani, nikampandishia kaptura, nikapapasa. Kinundu kilikuwa kimeanza. Jioni hiyo nilimtuma Dunga kwa Mama, alete barafu.

MSAMIATI

Kilegesambwa: mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti.
Muundi: sehemu ya mbele ya mguu kati ya goti na kifundo.
Ukano (wingi kano): kamba ngumu ya mwilini inayounganisha msuli na mfupa.
Gegedu: sehemu ngumu kiasi lakini laini kuliko mfupa, kama ile ya sikio.
Kuchechemea: kutembea kwa kuvutia upande mmoja kwa ajili ya maumivu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kinundu cha kijana huumia lakini cha mtu mzima hakiumii kwa urahisi?
2. Taja dalili tatu za hatari zinazomfanya mgonjwa aende hospitali mara moja.
3. Mchezaji ana maumivu ya alama 5 na kesho yake anachechemea. Mshauri afanye nini.
4. "Mbona hukusema?" Wewe ungemjibu nini mwalimu? Andika aya moja.